Msitu ulio mbele ya nyumba

 

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Oman kwa shughuli za utangazaji, nilialikwa kunywa kahawa katika nyumba kongwe mjini Muttrah. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja na kuhamia Maskati akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Tulipokwisha kula tende, aliinua mkono akanionyesha dari. "Hizo unazoziona juu, mwanangu, si za huku. Ni za kwenu." Nikatazama. Zilikuwa boriti za mkoko, zimelazwa sambamba, nyeusi kwa umri na kwa moshi wa udi. Akanieleza kwamba vyumba vya nyumba ile vilikuwa vyembamba kwa sababu moja tu: fundi hakupata boriti ndefu kuliko zile. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa mti uliokatwa Lamu au Rufiji.

Wengi wenu mnaonisikiliza mmepata kulala chini ya dari za namna hiyo, iwe ni Mombasa, Unguja, Sur, au katika nyumba za kale za Dubai, ambako boriti zetu huitwa chandal. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende na samaki wa chumvi, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni fito, mapau, boriti na nguzo. Biashara hiyo sasa ni ya historia. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Dari zimebaki.

Nimeanza na dari kwa sababu nusu ya habari za mti huu tunazijua vyema, nazo ni kazi zake ukishakatwa. Nusu ya pili, yaani kazi yake ukiwa umesimama pale pale matopeni, tumeizingatia zaidi baada ya misiba. Wenzetu mlioko Maskati mnalijua vizuri eneo la Al Qurm. Jina lenyewe ni la mti: kwa Kiarabu qurm ni mkoko, na aina iliyopo pale ni ile tunayoiita mchu, aina pekee ya mikoko inayoota kwa asili nchini Oman. Mji umekua ukauzunguka msitu huo mdogo pande zote kwa barabara, maduka na nyumba. Mwezi Juni mwaka 2007 kimbunga Gonu kilipoipiga Oman na kuua watu wapatao 50, Al Qurm ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofurika vibaya, maji ya wadi yakitoka milimani na bahari ikiwa imechafuka mbele yake. Msitu ule haukuweza kuuokoa mji uliojengwa juu ya njia ya maji. Naitaja habari hii mapema ili nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa.

Swali ninalotaka tulitazame leo ni hili: mikoko, miamba ya matumbawe na matuta ya mchanga, je, yaweza kweli kumkinga mtu na bahari iliyoghadhibika? Na kama yaweza, ni kwa kiasi gani, na kwa masharti gani? Silitazami kama mtaalamu. Nalitazama kama mtu aliyewahi kuukata msitu wa namna hiyo kwa fedha zake mwenyewe. Hilo nitalifikia.

Kwanza tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda. Yeyote aliyepata kupita katika mikoko wakati maji yamekupwa anajua taabu yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama magoti. Mchu hutoa ardhini maelfu ya vijiti vya kupumulia vilivyosimama wima. Muia nao una mizizi yake iliyokunjana. Mtu hupita kwa shida, na wimbi hali kadhalika. Kila mzizi huligawa, hulisuguana nalo na kulipunguzia nguvu, mpaka linapofika upande wa pili limechoka. Watafiti waliokusanya vipimo kutoka nchi mbalimbali wameeleza kwamba mita 100 za msitu wa mikoko huweza kupunguza kimo cha wimbi kwa kiasi cha kati ya asilimia 13 na 66. Mtaona kuwa tofauti hiyo ni kubwa. Inategemea miti imesongamana kiasi gani, ni ya aina gani, na maji yana kina gani siku hiyo. Maji yakiwa juu ya mizizi na chini ya matawi, wimbi hupita kwenye vigogo vitupu, na kinga hupungua.

Lakini wimbi ni jambo moja, na maji yanayosukumwa na kimbunga ni jambo jingine. Kimbunga huiinua bahari yenyewe kwa muda wa saa nyingi, ikaja nchi kavu kama bamvua lisilojua mwisho wake. Hapo mita 100 hazitoshi kitu. Vipimo vinaonyesha kwamba maji hayo hushuka kwa sentimita 5 hadi 50 kwa kila kilomita moja ya msitu. Kwa hiyo anayetaka kujikinga na kimbunga kwa mikoko anahitaji msitu wa upana wa kilomita, wala si mistari mitatu ya miche iliyopandwa mbele ya wapiga picha. Asiyetofautisha mambo haya mawili huwapa watu matumaini ya uongo, na matumaini ya uongo pwani huua.

Upande wa miamba ya matumbawe, hesabu ni ya kustaajabisha zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha vipimo vya bahari mbalimbali duniani, ulionyesha kwamba mwamba hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika pale kwenye ukingo ambapo tunaliona povu jeupe. Mvuvi wetu hakuhitaji uchunguzi huo. Anajua kwamba nje ya mwamba ni bahari kuu na ndani yake ni maji ya kuogelea watoto, na anajua mlango wa kutokea na kuingilia ulipo.

Tarehe 26 Desemba mwaka 2004 ilitupa funzo ambalo hakuna aliyelitaka. Mtetemeko wa ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra ulizusha mawimbi ya tsunami yaliyoua watu zaidi ya laki mbili katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Huko Sri Lanka, pwani ya kusini magharibi, kuna sehemu mbili zilizoachana kwa kilomita tatu hivi. Ya kwanza ni Hikkaduwa, ambako matumbawe yalikuwa yamehifadhiwa. Ya pili ni Peraliya, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuchoma chokaa. Watafiti waliofika baada ya maafa waliripoti kwamba huko Hikkaduwa maji yalikuja kwa kimo cha mita 2 hadi 3, na madhara yakaishia kiasi cha mita 50 kutoka ufukweni. Huko Peraliya kimo kilifika mita 10 na maji yakaingia nchi kavu kilomita moja na nusu. Ni hapo Peraliya ndipo maji yalipoipindua treni iliyojaa abiria, wakafa watu zaidi ya elfu moja katika tukio hilo moja. Bahari haikuwa na upendeleo. Ilipita kwa nguvu zaidi palipotobolewa.

Nisemapo chokaa, wasikilizaji wangu wa mwambao wananielewa. Nasi pia tumejenga kwa matumbawe, tukachoma chokaa, tukapaka kuta zikang'aa, na misikiti yetu ya kale ni ushahidi. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wazee. Idadi ya watu wakati huo haikuwa hii, na mwamba ulipata nafasi ya kujijenga upya.

Na sisi Afrika Mashariki siku ile ilikuwaje? Mawimbi yalifika pwani ya Somalia baada ya saa saba hivi, yakaua watu wapatao 300, wengi wao katika rasi ya Hafun. Nchini Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, Kenya mmoja. Ningependa sana kuwaambia kwamba mikoko yetu na miamba yetu ndiyo iliyotuokoa. Nimesikia hivyo kwenye mikutano, na mwenyewe nilipata kulisoma hilo hewani pasipo kuuliza. Ukweli ni kwamba tulikuwa mbali, nguvu kubwa ya mawimbi ilielekea upande mwingine, na kwa bahati njema maji yalikuwa yamekupwa. Mwamba ulisaidia kwa sehemu yake. Bahati ilifanya kilichobaki.

Baada ya maafa hayo kulizuka mjadala mkali baina ya wanasayansi. Mwaka 2005 kulichapishwa taarifa kutoka jimbo la Tamil Nadu, India, zikisema kwamba vijiji vilivyokuwa nyuma ya miti viliumia kidogo kuliko vile vilivyokuwa wazi. Wengine wakazichambua upya hesabu zile, wakasema: ngojeni kwanza. Vijiji vilivyo nyuma ya mikoko mara nyingi viko mbali zaidi na bahari, na vingine viko juu zaidi. Je, ni miti iliyowaokoa, au ni umbali na mwinuko? Mjadala huo uliwaudhi baadhi ya wapenda mazingira. Mimi naona ulitusaidia, kwani uliwalazimisha waliofuata wafanye hesabu zao kwa uangalifu.

Na hesabu bora kuliko zote ninazozijua ilitoka kwenye msiba mwingine. Tarehe 29 Oktoba mwaka 1999 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya jimbo la Orissa, mashariki mwa India, jimbo ambalo sasa huitwa Odisha. Walikufa watu wapatao elfu kumi. Miaka kumi baadaye, mtafiti Saudamini Das wa India pamoja na mwenzake Jeffrey Vincent walichapisha uchunguzi wa vijiji 409. Walizingatia umbali wa kila kijiji kutoka baharini, kimo cha maji yaliyoingia na hali ya maisha ya watu, kisha wakauliza: tukiondoa tofauti hizo zote, je, upana wa mikoko bado unaleta tofauti ya vifo? Jibu lilikuwa ndiyo. Kama mikoko iliyokuwapo isingekuwapo, vifo vingeongezeka kwa wastani wa karibu watu wawili katika kila kijiji. Kwa maneno mengine, mama fulani na mtoto fulani, kijiji baada ya kijiji, walibaki hai kwa sababu kuna msitu ambao haukuwa umekatwa.

Lakini watafiti hao hao waliandika sentensi ambayo haitajwi sana kwenye vipeperushi. Walisema kwamba onyo lililotolewa na serikali kabla ya kimbunga liliokoa maisha mengi zaidi kuliko mikoko. Naomba tulishike neno hilo. Mwaka 2013 kimbunga Phailin kilipoipiga Odisha, watu takriban milioni moja walikuwa wamekwisha hamishwa, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi, si kwa maelfu. Msitu hupunguza nguvu za maji na kuwapa watu nafasi. Redio, barabara na jengo imara la kukimbilia huifanya nafasi hiyo iwe uhai. Mtu akikutaka uchague kimoja kati ya hivyo, mwulize kwa nini.

Nchini Vietnam wamekwenda njia hiyo ya kuunganisha. Tangu mwaka 1994 Msalaba Mwekundu wa huko, ukisaidiana na wanavijiji, umekuwa ukipanda mikoko mbele ya kuta za udongo zinazozuia bahari kaskazini mwa nchi. Taarifa ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ya mwaka 2002 ilisema kwamba hekta zipatazo 12,000 zilipandwa na kutunzwa kwa dola milioni 1.1, na kwamba zilipunguza gharama za kukarabati kuta hizo kwa dola milioni 7.3 kila mwaka. Ukuta haukubomolewa. Ulipewa mlinzi aliyetangulia mbele.

Kwa upande mwingine, baada ya mwaka 2004 fedha nyingi zilimiminika Sri Lanka kwa ajili ya kupanda mikoko, na mikono iliyopanda haikuwa na uvivu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulizitembelea sehemu 23 zilizokuwa zimepandwa, zenye eneo la hekta elfu moja na zaidi kidogo. Miti iliyokuwa imesimama ilikuwa kwenye hekta 200 hadi 220 tu, na katika sehemu tisa hapakuwa na mche hata mmoja uliobaki. Miche ilikuwa imepandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno, au yasipofika kabisa. Mingine ililiwa na kukanyagwa na ng'ombe. Na baada ya sherehe ya siku ya kwanza hakuna aliyerudi kuitazama. Mkoko una mahali pake. Mlilana huota mbele kabisa kwenye maji, mkoko na muia hufuata, mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu huonekana mbele na nyuma kama mtu mwenye nyumba mbili. Ukipanda mkoko kwenye fungu la mchanga lililo wazi kwa mawimbi, umetupa fedha baharini. Mara nyingi, pale udongo na maji vinapokuwa sawa, mbegu huja zenyewe na mkondo wa maji, na kazi ya mtu ni kuondoa kile kinachozizuia.

Pengine msikilizaji mmoja atauliza: haya ya India na Vietnam yanatuhusu nini sisi, ambao pwani yetu haina vimbunga? Ni kweli kwamba eneo lililo karibu na mstari wa ikweta halipigwi mara kwa mara. Lakini wazee wa Unguja walirithishana habari za tufani ya mwezi Aprili mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu ya kisiwa na kuzizamisha meli za Sultani Barghash. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili mwaka 1952. Aprili mwaka 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, upande wa pili tu wa mto Ruvuma, majuma sita baada ya Idai kuuharibu mji wa Beira. Na mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimepungua nguvu. Mbele ya Mafia, upande wa bara, kuna delta ya Rufiji yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo katika pwani ya Tanzania. Upana wake unahesabika kwa kilomita. Huo ni ule msitu wa kipimo nilichokitaja, na bado uko. Miti hukatwa humo kwa ajili ya mashamba ya mpunga na kwa ajili ya nguzo, na mkulima anayeikata ana watoto wa kulisha. Mazungumzo yoyote yasiyoanza na mtu huyo hayatafika mbali.

Ndiyo maana napenda kuitaja Gazi, kusini mwa Mombasa, nisiko mgeni. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwandani, hata sehemu nyingine zikabaki uwanja wa matope matupu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya walianza kuipanda upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na wanakijiji. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 na kuuza haki za hewa ya ukaa ambayo msitu huifukia matopeni. Fedha zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Imepandwa pia mivinje, ili mtu anayehitaji kuni na miti ya kujengea apate pa kukata. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kuna wanaosema kwamba kuuza hewa ya ukaa ni kumpa tajiri ruhusa ya kuendelea kuchafua, na sina jibu kamili la hoja hiyo. Lakini nimeuona mfereji ule ukitoa maji, na nimemsikia bibi mmoja akimfokea kijana aliyeshika panga karibu na mchu. Alimfokea kama mtu anayetetea mali yake.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi. Baba yetu alituachia kiwanja kando ya hori, si mbali na huko. Mimi nikiwa huku ughaibuni, nikaanza kumjengea mama nyumba, kama tufanyavyo wengi wetu, kwa fedha za kila mwezi na maelekezo ya simu. Mbele ya kiwanja kulikuwa na michu thelathini hivi, mirefu, iliyokuwa ikiziba sura ya maji. Fundi akanipigia: "Tuifungue bahari ionekane?" Nikamwambia afungue. Mjomba wangu, aliyevua samaki hori lile tangu utoto, alichukua simu akaniambia, "Mwanangu, mchu haukuota hapo kwa kubahatisha." Nikamjibu kwa adabu, kisha nikatuma fedha za msumeno. Sikujua kwamba mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na kwamba mtu haukati bila kibali. Sikuuliza. Nina shahada ya uandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza, na sikuuliza.

Penye miti tukajenga ukuta wa mawe na saruji, uliogharimu zaidi ya mishahara yangu ya miezi minne. Picha zilipokuja niliwaonyesha wenzangu kazini kwa fahari. Kusi ya kwanza ilipita salama. Kusi ya pili, mjomba alisema matope yaliyokuwa mbele ya ukuta yamepungua kwa kimo cha goti. Wimbi linapokutana na ukuta halifi. Hurudi, na likirudi huchota kilicho chini. Mwaka wa tatu, usiku wa bamvua, ukuta uliinama kuelekea baharini ukaanguka. Hilo ni langu na nililistahili. Lakini maji yaliyozuiwa mbele ya kwetu yalikuwa yamezunguka kwenye ncha ya ukuta, yakamlia jirani yetu, mjane, minazi mitatu pamoja na ardhi iliyokuwa chini yake. Nilimlipa minazi. Ardhi sikuweza kumlipa.

Nilitaka kujenga ukuta mwingine, mkubwa zaidi. Mjomba akakataa, akamwita kijana mmoja mzoefu wa kupanda mikoko aje kutazama. Kijana akatembea pale maji yalipokupwa, akachoma kijiti matopeni hapa na pale, akasema tusipande chochote kwanza. Ardhi ilikuwa imeshuka mno. Mche wowote ungezama. Akatushauri tupange uzio wa fito na matawi ya mivinje, mistari miwili, usiozuia maji bali unaoyachelewesha, ili tope litue nyuma yake. Njia hiyo imetumiwa pia huko Demak, katika kisiwa cha Java, ambako bahari ilikula vijiji baada ya mikoko kugeuzwa mabwawa ya kamba. Na huko wamejifunza pia kwamba ardhi ikididimia kwa sababu ya visima vya viwanda, uzio pekee hauwezi kitu. Kwetu hakuna viwanda. Uzio tunaukarabati kila baada ya kusi, mjomba akisimamia, na mimi nikilipa pasipo kutoa ushauri.

Nilikwenda nyumbani mara ya mwisho wakati wa kaskazi. Tope limepanda. Nyuma ya uzio niliihesabu miche ya mchu kumi na minane ambayo hakuna aliyeipanda, yote ikiwa mifupi kuliko goti. Itachukua miaka mingi kufikia ile tuliyoiangusha kwa siku mbili. Kwa sasa, bamvua likijaa, maji husimama hatua tisa kutoka mlango wa jiko la mama. Nilizipima mwenyewe, usiku, kwa kurunzi. Mjomba anataka jiko lihamishiwe nyuma ya nyumba kabla ya kusi ijayo. Mama hataki; anasema pale ndipo upepo unapopita. Wameniambia niamue mimi, na simu yao ni kesho jioni.